Maneno ya Kale ya Kiingereza na Mahali Yanapoishi Bado

Msomaji wa Afrika Mashariki anayefungua tamthilia ya Shakespeare, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 au kifungu cha sheria ya jinai kilichorithiwa kutoka kwa serikali ya kikoloni hukutana na maneno ambayo kwa jumla huitwa Kiingereza cha kale, na jina hilo, ingawa limezoeleka, huchanganya mambo ambayo wataalamu wa lugha huyatenganisha. Kiingereza cha Kale kwa maana ya kitaalamu ni lugha iliyozungumzwa Uingereza tangu karne ya 5 hadi karibu mwaka 1100, na Mwingereza wa leo hawezi kuisoma asipofundishwa kama anavyofundishwa lugha ya kigeni. Baada yake kilifuata Kiingereza cha Kati, ambacho ndicho alichotungia mshairi Geoffrey Chaucer aliyefariki mwaka 1400, na kuanzia mwaka 1500 hivi ikaingia enzi ya tatu, ile ya Shakespeare na ya Biblia hiyo ya mwaka 1611, iitwayo ya Mfalme James, ambayo wanaisimu huihesabu kuwa mwanzo wa Kiingereza cha kisasa. Kwa hiyo mengi ya maneno yanayomtatiza msomaji wa kawaida hayatoki katika lugha ile ya mbali ya mwanzo, bali katika Kiingereza cha miaka 400 iliyopita, ambacho kinafanana sana na cha leo, na kufanana huko ndiko chanzo cha matatizo.

Kamusi Kuu ya Oxford, ambayo Chama cha Filolojia cha London kilianza kuipanga mwaka 1857 na ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 1928, huyaweka maneno yaliyopitwa na wakati katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la maneno yaliyokufa, yaani yasiyotumiwa tena na mtu yeyote, na hayo huwekewa alama yenye umbo la jambia. La pili ni la maneno ya kikale, yaani yale ambayo bado yanaeleweka lakini hutumiwa tu katika sala, ushairi, hati za kisheria au mahali pengine ambapo mwandishi anataka kusikika kama mtu wa zamani. Hata hivyo kuna kundi jingine ambalo halitambuliki kwa alama iliyo wazi namna hiyo, nalo ni la maneno yaliyobaki hai kwa sura na matamshi huku maana yake ya awali ikiwa imeondoka na nyingine kukaa mahali pake. Neno lililokufa humlazimisha msomaji kufungua kamusi, lakini neno lililobadili maana humwacha apite akiamini kwamba ameelewa, na kwa sababu hiyo linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote.

Mfano unaomfaa zaidi msemaji wa Kiswahili ni ule wa viwakilishi vya nafsi ya pili. Kiingereza cha leo kina «you» tu, neno linalosimama mahali pa wewe na pa ninyi, lakini zamani lugha hiyo ilitenganisha umoja na wingi kama Kiswahili kinavyofanya hadi sasa, ikiwa na «thou» kwa mtu mmoja anayetenda, «thee» kwa mtu mmoja anayetendewa, «ye» kwa wengi wanaotenda na «you» kwa wengi wanaotendewa. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya watawala, desturi ya Kifaransa ya kumheshimu mtu mmoja kwa kumwita kwa nafsi ya wingi iliingia polepole, hata kufikia karne ya 13 watu wa daraja la juu wakawa wanaambiwa «ye» na «you», na «thou» ikaachwa kwa watoto, watumishi, marafiki wa karibu na watu wanaodharauliwa. Katika kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh iliyosikilizwa Winchester mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita mshtakiwa «thou» kwa makusudi, na kila aliyekuwapo alielewa kwamba ametukanwa.

Nusu karne baadaye jambo hilo hilo likageuka kuwa suala la imani, kwa maana wafuasi wa George Fox, wanaojulikana kama Marafiki au Wakweka, walikataa kumwita tajiri au hakimu kwa nafsi ya wingi, wakishikilia kwamba mbele ya Mungu mtu mmoja ni mmoja tu awe na cheo gani, na wengi wao waliteswa na kufungwa kwa msimamo wa namna hiyo. Madhehebu hayo yalifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina waumini wake wengi kuliko nchi nyingine yoyote, ingawa katika Kiswahili hoja yao ya zamani haina pa kushikia, kwa kuwa Kiswahili humwambia kila mtu wewe na kuiweka heshima mahali pengine, katika shikamoo, katika mzee, mama na bwana.

Kufikia mwaka 1700 hivi «thou» ilikuwa imetoweka katika Kiingereza sanifu, ikabaki katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza, katika ushairi na kanisani, na kwa kuwa watu wengi sasa huisikia kanisani tu, wamekuja kuidhania kuwa neno la unyenyekevu mkubwa linalomfaa Mungu peke yake. Ukweli ni kinyume chake. Watafsiri wa mwaka 1611 waliitumia kwa Mungu, kwa mfalme, kwa mwivi na kwa punda wa Balaamu bila kubagua, kwa sababu Kiebrania na Kigiriki hutenganisha mmoja na wengi na wao walitaka utengano huo uonekane. Faida yake inajitokeza katika sura ya 22 ya Injili ya Luka, pale Yesu anapomwambia Simoni kwamba Shetani amewataka ninyi, yaani wanafunzi wote, kisha anaongeza kwamba amemwombea yeye Simoni peke yake. Msomaji wa Kiswahili huliona badiliko hilo mara moja, na msomaji wa Biblia ya mwaka 1611 huliona pia, lakini msomaji wa tafsiri nyingi za Kiingereza cha sasa hukuta «you» pande zote mbili na huhitaji maelezo ya chini ya ukurasa ili ajue kwamba hesabu ya watu imebadilika. Kwa jambo hili Kiingereza kilipoteza kitu chenye manufaa, na si sahihi kuliita badiliko hilo maendeleo.

Upotevu wa namna hiyo haukuishia kwenye nafsi. Kiingereza kilikuwa na «yon» na «yonder» za kuonyesha kitu kilicho mbali na msemaji na msikilizaji pia, kama Kiswahili kinavyotenganisha huyu, huyo na yule, na kilikuwa na «hither» kwa kuja hapa, «hence» kwa kutoka hapa, «whither» kwa kwenda wapi na «whence» kwa kutoka wapi. Katika Biblia iliyochapishwa na Miles Coverdale mwaka 1535 limo neno «overmorrow», ambalo maana yake ni keshokutwa, na palikuwa na neno la juzi pia. Leo Mwingereza analazimika kusema siku iliyo baada ya kesho, wakati Kiswahili, baada ya keshokutwa, bado kina mtondo na mtondogoo. Katika kundi hilo hilo la maswali limo «wherefore», ambalo maelfu ya wanafunzi hulitafsiri kwa kosa kuwa wapi, wakidhani kwamba Juliet akiwa dirishani anamtafuta Romeo kwa macho, ilhali neno hilo maana yake ni kwa nini, na msichana huyo anahoji sababu ya mpenzi wake kuwa na jina la ukoo wa maadui.

Sababu za neno kufa ni nyingi, na mara nyingine ni bahati tu ya neno moja kulishinda jingine. William Caxton, aliyeweka mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu nchini Uingereza mwaka 1476, alisimulia katika dibaji ya mwaka 1490 habari ya wafanyabiashara waliokwama kwenye Mto Thames wakisubiri upepo, ambapo mmoja wao aliteremka akaomba «egges», yaani mayai, na mwanamke aliyeombwa akajibu kwamba hajui Kifaransa. Muombaji alikasirika kwa kuwa naye hakujua Kifaransa, mpaka mwenzake aliposema kwamba wanataka «eyren», ndipo mama huyo akaelewa. Neno la kwanza liliingia na mabaharia wa Skandinavia waliovamia na kuhamia kaskazini mwa Uingereza, la pili lilikuwa la wenyeji, na hatimaye la wageni ndilo lililobaki.

Yapo pia maneno yaliyookolewa na misemo. Neno «kith», lililomaanisha watu wanaojuana, halisikiki peke yake tena bali hufungwa pamoja na ndugu wa damu katika msemo «kith and kin». «Shrift» lilikuwa ungamo la dhambi mbele ya padri, na linaishi katika «short shrift», msemo wa kumpuuza mtu haraka kwa sababu aliyehukumiwa kunyongwa alipewa muda mfupi tu wa kuungama. Na «hue and cry» ni yowe, ambalo kwa Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 kila aliyeshuhudia uhalifu alipaswa kulipiga, na kila aliyelisikia alipaswa kutoka kumfukuza mhalifu. Si kila neno lenye sura ya kale, hata hivyo, ni la kale kweli. Lile «ye» linaloandikwa kwenye vibao vya maduka ya Uingereza ili yaonekane ya zamani halihusiani na ninyi, kwa kuwa ni «the» ya kawaida iliyosomwa vibaya baada ya herufi ya kale ya sauti ya th kufananishwa na y. Na «derring-do», linalotumiwa kwa maana ya ushujaa, lilizaliwa na kosa la uchapaji katika kazi ya mshairi John Lydgate iliyoiga maneno ya Chaucer yaliyomaanisha kuthubutu kutenda, kosa ambalo mshairi Edmund Spenser alilichukua kuwa nomino mwaka 1579 na Walter Scott akalieneza katika karne ya 19.

Yaliyobadili maana yanadai subira zaidi, na hapa Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 ni msaada ambao wasomaji wengi hawaufikirii, kwa kuwa mara nyingi inalitaja wazi lile ambalo neno la Kiingereza lilimaanisha mwaka 1611. Kitenzi «let», ambacho leo ni kuruhusu, kilikuwa pia na maana ya kuzuia, kwa sababu vitenzi viwili tofauti vya Kiingereza cha Kale viligongana katika matamshi mpaka vikawa kimoja. Paulo anapowaeleza Warumi kwamba alikusudia kuwajia akawa «let», Kiswahili kinasema alizuiliwa. Maana hiyo ya kuzuia bado imeandikwa ndani ya pasipoti ya Uingereza, na inasikika katika mchezo wa tenisi pale mpira wa kuanzishia unapogusa wavu. Kitenzi «prevent», ambacho leo ni kuzuia, kilimaanisha kutangulia, na ndivyo Kiswahili kinavyosema katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike. Nomino «conversation» haikuwa mazungumzo bali mwenendo wa maisha, jambo linalobadilisha kabisa shauri analotoa Petro kwa wake walioolewa na wasioamini. «Peculiar» haikuwa ajabu bali kilicho mali ya mtu mwenyewe, na Kiswahili kina milki. «Quick» haikuwa haraka bali hai. Nayo «meat» ilikuwa chakula chochote, hivyo msomaji wa sura ya 2 ya Walawi katika Kiingereza cha 1611 hukutana na kile kinachoonekana kuwa sadaka ya nyama, ilhali ndani yake hamna nyama hata kidogo, kwa maana ni ile ambayo Kiswahili kinaiita sadaka ya unga.

Mabadiliko ya maana yana njia zake, na moja kati ya hizo inasema mengi kuhusu jamii iliyozaa lugha yenyewe. Neno «knave» lilianza kama mtoto wa kiume, likawa mtumishi, na mwisho likawa laghai. «Villain» alikuwa mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake, naye sasa ni mtu mwovu, hasa katika hadithi. «Churl» alikuwa mtu huru asiye na cheo, na sasa ni mtu mkorofi. «Boor» alikuwa mkulima, na sasa ni mtu asiye na adabu. Upande wa pili «gentle» lilimaanisha aliyezaliwa katika ukoo bora na sasa ni mpole, na «noble», lililotaja daraja la kuzaliwa, likawa sifa ya moyo. Hata «lord», yaani bwana, kwa asili ni mlinzi wa mkate, na «lady» ni mwanamke akandaye unga wa mkate huo, lakini hao waliokuwa na ghala la chakula walipanda, na waliokilima chakula wakashuka. Mwanazuoni C. S. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu maneno, aliuita mwendo huu kugeuza majina ya daraja kuwa majina ya tabia, akaonyesha kwamba maskini alianza kuitwa kwa kazi yake na akaishia kuitwa kana kwamba kazi hiyo ni dhambi.

Kiswahili hakiwezi kuutazama mwendo huo kama wa mbali. Muungwana katika miji ya pwani alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na leo ni mtu wa adabu hata kama babu zake walikuwa watumwa. Neno hilo hilo lilisafiri na misafara ya biashara ya karne ya 19 hadi mashariki mwa Kongo, na Kiswahili cha huko kikapata jina la Kingwana. Mshenzi alikuwa mtu wa bara asiyefuata dini wala desturi za pwani, na leo ni tusi lisilohitaji kujua mtu anatoka wapi. Anayeitumia jozi hiyo bila kufikiri anarudia hukumu ya watu wa mjini juu ya watu wa bara, kama vile Mwingereza anayesema «villain» anavyorudia hukumu ya mwenye shamba juu ya mkulima wake.

Lipo neno la kale ambalo Uingereza imeliacha na Afrika Mashariki imelitunza. Katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, zilizoandikwa karibu mwaka 600, faini zinahesabiwa kwa «scilling», pamoja na malipo ya mtu aliyeuawa, ambayo Waanglo-Saksoni waliyaita «wergild», kutokana na «wer», yaani mwanamume, na ambayo kwa Kiswahili ni dia. Neno «wer» lilikufa, lakini shilingi iliendelea kuwa sehemu ya 20 ya pauni kwa karne nyingi, mpaka Waingereza walipobadili mfumo wa fedha zao tarehe 15 Februari 1971. Wakati huo shilingi ilikuwa imekwisha hamia kwingine, kwa kuwa ilianzishwa katika makoloni ya Afrika Mashariki mwaka 1921 na mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ikatoa ya kwake. Mchuuzi wa Kariakoo hulitamka mara mamia kwa siku neno ambalo kijana wa London hulijua kwa kusoma historia.

Lakini mahali ambapo maneno ya kale yanaweza kumgusa mtu mwilini ni mahakamani. Tangu Wanormani, mahakama za Uingereza zilitumia Kifaransa na Kilatini, na ingawa sheria ya mwaka 1362 iliagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na lugha hizo za kigeni ziliondolewa rasmi mwaka 1733 tu, kwa sheria iliyopitishwa miaka miwili kabla. Ndiyo sababu mawakili hupenda kutaja kitu kimoja kwa majina mawili, moja la Kiingereza na jingine la Kifaransa au Kilatini, kama wanapotaja mali kuwa «goods and chattels», na hiyo «chattel», pamoja na «cattle» iliyo ng'ombe na «capital» iliyo mtaji, yote ni watoto wa neno moja la Kilatini, jambo ambalo mfugaji yeyote ataliona la kawaida. Neno «indenture» linatokana na jino, kwa maana mkataba uliandikwa mara mbili kwenye karatasi moja iliyokatwa kwa mstari wa menomeno, ili nusu mbili zikikutanishwa ionekane kama zinalingana. Ni kwa mikataba yenye jina hilo kwamba maelfu ya vibarua kutoka India waliletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896.

Yanayomgusa mtu zaidi ya hayo ni maneno «rogue» na «vagabond». La kwanza lilionekana katika karne ya 16 kama neno la mitaani la kumtaja ombaomba anayezurura, la pili ni mtu asiye na makao, na Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824, iliyotungwa Uingereza wakati askari wengi waliorudi kutoka katika vita vya Napoleon walikuwa hawana kazi wala nyumba, iliyatumia kama majina ya makosa. Waingereza waliyabeba maneno hayo hadi katika kanuni za adhabu za makoloni yao, na yakaingia katika sheria za Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, yaani Malawi ya leo, hivi kwamba katika nchi huru, miongo mingi baadaye, mtu aliweza kukamatwa kwa kuonekana tu kuwa hana njia ya kujikimu inayoeleweka. Mtu huyo hakushtakiwa kwa alichokitenda bali kwa alivyo.

Mwezi Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi, katika shauri la mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akienda kuuza bidhaa zake, ilitamka kwamba kifungu kilichotumiwa dhidi yake kinapingana na katiba. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikijibu ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika, kwamba kumpachika mtu majina ya namna hiyo kunamvunjia utu wake, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikabatilisha sehemu za kifungu cha nchi yake, na waliofaidika kwanza ni wachuuzi, madereva wa bodaboda na watu wanaolala nje, ambao ndio waliokuwa wakikamatwa kwa maneno hayo.